Hosi za Waya kwa Giaboksi Otomatiki ya Gari la Zamani: Mambo 6 ya Kuangalia Kabla Hujanunua

Fungua boneti ya gari la zamani lililotengenezwa upya, mara nyingi utakuta hosi zinazong'aa, zimevikwa waya wa chuma uliosukwa. Zinapendeza, hakuna ubishi. Lakini kama gari lako ni la gia otomatiki, hosi hizo si pambo.

Ndani yake inapita ATF, oili ambayo giaboksi inaitegemea kubadili gia, kulainisha na kupoza. Hosi ikichomoka ukiwa barabarani, oili inamwagika haraka na giaboksi inaweza kuungua. Na ATF ikidondokea ekzosi yenye moto, gari linaweza kuwaka.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, pitia mambo haya.

1. Angalia kilicho ndani, si waya wa nje

Wengi wanadhani waya ndiyo hosi. Hapana. Waya unaipa hosi nguvu ya kubana presha na kuilinda isikwaruzwe. Kinachogusa oili ni bomba la ndani, na hapo ndipo hosi mbili zinazofanana kwa nje hutofautiana kabisa.

Kuna aina mbili kuu:

- Mpira: Ni rahisi kukunja na kufunga, na bei yake ni nafuu. Lakini mpira huzeeka: joto huukausha, unakuwa mgumu na kupasuka. Kwa kuwa umefunikwa na waya, huoni nyufa mpaka oili ianze kuvuja.
- Tefloni: Huhimili joto kubwa zaidi, nyingi zimeandikwa hadi nyuzijoto 230 hivi, na haziharibiwi na oili. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu kukunja, na ukiikunja kona kali inajibana kama mrija wa soda.

Kama hosi inapita karibu na ekzosi, au gari linapanda milima na kukaa sana kwenye foleni, Tefloni ni chaguo salama zaidi. Kama ni gari la kutembelea Jumapili na hosi iko mbali na moto, mpira mzuri wa ATF unatosha.

2. Usidanganyike na namba ya presha

Muuzaji atakuambia, "Hii inabeba psi 1,000!" Ni kweli, hosi nyingi nzuri zinafika huko. Lakini njia ya kipoozeo kwa kawaida haifiki hata psi 100. Presha si tatizo lako kubwa.

Tatizo ni joto. Giaboksi yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 hivi, na ikivuta mzigo au kupanda mlima mrefu inaweza kupita 120. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: hii imetengenezwa kwa ATF, na kwa joto gani?

Hosi ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hii mara nyingi huandikwa SAE J1532. Usikubali kufungiwa hosi ya maji ya rejeta, maana mpira wake huvimba na kulainika ukikutana na oili. Hosi ya kawaida ya petroli nayo haikutengenezwa kwa joto hili.

3. Jua saizi yako

Hosi hizi huuzwa kwa namba za AN, mfumo uliotoka jeshini Marekani. Hesabu yake ni rahisi: namba ni idadi ya sehemu za 16 za inchi.

- Namba 5 ni inchi 5/16, karibu milimita 8
- Namba 6 ni inchi 3/8, karibu milimita 9.5
- Namba 8 ni inchi 1/2, karibu milimita 12.7

Magari mengi ya zamani ya Marekani yana paipu za inchi 5/16, na watu wengi huwafungia hosi namba 6. Hiyo ni sawa. Usishuke chini ya saizi ya kiwandani, kwa sababu oili itapita kwa shida na giaboksi itachemka.

4. Viungio ndipo wengi wanapoharibu

Hosi inaweza kuwa nzuri, lakini fitingi zisipolingana itavuja tu. Kumbuka haya:

- Hosi ya Tefloni ina fitingi zake zenye kipete kidogo ndani. Usitumie fitingi za hosi ya mpira.
- Mdomo wa AN umekatwa digrii 37. Paipu nyingi za magari zimetanuliwa digrii 45. Vinafungika pamoja, vinaonekana sawa, halafu vinavuja.
- Nyuzi za NPT za Marekani si sawa na BSP za Uingereza, wala si sawa na zile za milimita za magari ya Ujerumani kama Mercedes-Benz W123. Zikiingia mizunguko miwili kisha zikagoma, acha. Ukilazimisha utaharibu giaboksi.
- Klampu ya kawaida ya bisibisi haishiki vizuri juu ya waya. Tumia fitingi za kufunga kwa spana au za kubanwa kwa mashine.

5. Usibadilishe njia nzima kama hakuna haja

Paipu za chuma za kiwandani zikiwa hazina kutu, ziache. Chuma hudumu miaka mingi na husaidia kupoza oili. Hosi inahitajika pale penye mtikisiko, kati ya injini na bodi.

Na kumbuka, waya uliosukwa ni tupa. Ukigusana na paipu ya breki, waya za umeme au rejeta, utakata taratibu kila gari linapotikisika. Ifunge hosi kwa vishikizo vyenye mpira, na iweke mbali na ekzosi na feni. Kona ikiwa kali, nunua fitingi ya digrii 45 au 90 badala ya kuikunja hosi.

6. Simamia ufungaji

Mwambie fundi azungushie hosi tepu kabla ya kuikata, ili waya zisichanue. Baada ya kukata, hosi ipulizwe na kusafishwa ndani. Kipande kidogo cha waya au mpira kikiingia kwenye vali za giaboksi, gia zitaanza kugoma.

Kwenye rejeta, lazima zitumike spana mbili: moja ishikilie kiungio cha rejeta, nyingine ikaze nati. Magari mengi ya zamani yana kipoozeo ndani ya tanki la rejeta. Kikisokotwa kinapasuka, maji na oili vinachanganyika. Ukiona ATF imegeuka rangi ya pinki yenye maziwa, zima gari, usiendeshe tena.

Baada ya kufunga

Washa injini, pitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki, kisha pima ATF kama kitabu cha gari kinavyosema. Weka karatasi chini ya gari usiku kucha. Endesha safari fupi mpaka oili ipate moto, rudi uangalie kila kiungio kwa tochi.

Hosi za mpira zipapase mara kwa mara. Ukisikia imekakamaa, au waya una unyevunyevu wa oili, badilisha hata kama bado inang'aa. Bei ya hosi mbili si kitu ukilinganisha na giaboksi ya gari ambalo spea zake hazitengenezwi tena.