Jua Nyuma ya Wapanda Mpunga

Uchoraji wa maisha ya kila siku, yaani ule unaowaonyesha watu wa kawaida kazini, sokoni au nyumbani badala ya wafalme na watakatifu, ulianza kushamiri Ufilipino katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wachoraji wa Manila kama Damián Domingo walipotengeneza picha ndogo za rangi ya maji zilizoonyesha mavazi na kazi za wenyeji. Picha hizo zililichora vazi kwa uangalifu mkubwa, lakini aliyelivaa mara nyingi aliachwa peke yake kwenye karatasi tupu, pasipo shamba wala mbingu. Baadaye mtu huyo wa kawaida alipata ardhi ya kukanyaga katika kazi za Fabián de la Rosa, na jua lake akalipata kwa mwanafunzi na jamaa wa mchoraji huyo, Fernando Amorsolo (1892–1972).

Amorsolo alikulia Daet, mji wa mkoani, na baba yake alipofariki familia ilihamia Manila kwa de la Rosa, binamu wa mama yake. Alihitimu Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1914, kisha tajiri Enrique Zobel akamgharimia masomo Madrid, ambako alizitazama kwa karibu kazi za Velázquez na za Sorolla, bingwa wa jua la pwani ya Valencia.

Mbinu iliyompa sifa ni ya kuliweka jua nyuma ya mhusika, hata kingo za kofia, mabega na nywele zikawaka kama zimezungushiwa uzi wa dhahabu, huku uso ukibaki kivulini. Kivuli hicho, hata hivyo, si cheusi, kwa kuwa maji ya majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, huurudisha mwanga juu na kuipa ngozi ya mpandaji wekundu laini. Katika mchoro wake wa mwaka 1922 wa upandaji mpunga, uliochapwa tena na tena katika mabango na vijitabu vya watalii, migongo iliyoinama haionekani kuchoka, na hapo ndipo uzuri wa kazi hii unapozaa swali zito.

Wengi wa wakulima hao walikuwa *kasama*, wapangaji waliolima ardhi ya mwenye shamba na kugawana naye mavuno, wakibaki na deni msimu baada ya msimu. Mei 1935 wafuasi wa chama cha Sakdal, wengi wao wakulima, waliasi katika mikoa iliyo jirani na Manila. Deni halionekani katika michoro ile. Si haki kuuita mwanga huo uongo, maana asubuhi za namna hiyo zipo kweli, ila mchoraji aliichagua saa moja ya siku akaziacha nyingine. Mchoraji mwingine, Victorio Edades, aliyerejea kutoka Marekani, alionyesha Manila mwaka 1928 picha ya wajenzi wenye miili mizito na rangi za udongo, na mabishano kati ya waliopenda mtindo wake na waliopenda ule wa Amorsolo yakadumu kwa miaka mingi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Amorsolo mwenyewe alichora Manila ikiteketea, mwanga ukitoka kwenye moto na moshi ukiifunika mbingu. Amani iliporudi, alirejea kwenye majaruba.