Picha za Ukutani na Mkono wa Lubaki

Sisi watu wa Lubutu twaijua sana nyumba ya udongo. Miti husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, udongo hukandikwa, na ukuta mpya huwa laini. Mtoto akiokota kipande cha kaa, haachi kuchora: mbuzi, mama na mzigo wake, mwindaji na mkuki. Mvua ikipiga, picha hutoweka, wala hakuna anayeililia. Je, picha ya namna hiyo ina thamani? Historia ya Kongo inalo jibu.

Tuupande mto Lualaba, ule ule upitao Kindu, mpaka Bukama katika Katanga, mahali ilipofika reli ya kutoka Elisabethville mwaka 1918. Huko, mwaka 1926, Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali, Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa picha. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa pembe za ndovu. Kwa kuwa picha za ukutani hazidumu, Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora, na mkewe Antoinette akachora vilevile: watu, wawindaji, ndege, wanyama, mitende. Hawakufundishwa katika shule ya wachoraji; walichora mambo waliyoyaona na hadithi walizozisikia.

Picha zile zikavuka bahari. Mwaka 1929 zilionyeshwa Brussels, mwaka 1930 Geneva, na mwaka 1931 Paris. Lakini tazameni jambo hili, wasomaji: baada ya miaka michache uhusiano na Ulaya ulikatika, na mwisho wa Lubaki haujulikani. Karatasi zilitunzwa vizuri. Mwenye mkono alisahauliwa. Mwaka 2015 yalifanyika Paris maonyesho makubwa ya wachoraji wa Kongo, nayo yakaanza kuhesabu tangu mwaka ule wa 1926. Kumbe, kabla ya hapo kuta zilikwisha kuchorwa, na mvua ikazifuta pamoja na majina ya wenyewe.

Basi, mtoto wako akichora ukutani, usimkemee upesi. Mwulize huyu ni nani, na kazi hii ni kazi gani. Kisha mpe karatasi, naye aandike chini yake jina lake, kijiji chake na mwaka. Hayo matatu mvua haitayapata.