Bomba la Grisi na Umri wa Landrova

Landrova za zamani zinazobeba abiria, mbuzi na magunia huko Longido na Monduli zimewazidi umri vijana wengi wanaoziendesha. Watu husifu chasisi zake nzito. Mimi niliyejifunza ufundi shimoni, chini ya magari, kwenye gereji ya Arusha, nasema sifa kubwa ni ya utingo mwenye bomba la grisi.

Magari ya mwanzo wa karne iliyopita yalikuwa na vikombe vidogo vya grisi kwenye viungo vyake. Dereva alivijaza kwa mkono, kisha akawa anavikaza kidogo kidogo ili grisi iingie ndani. Akisahau, chuma kilisaga chuma. Mwaka 1929 Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna, alipewa hataza nchini Marekani ya nipeli iliyorahisisha kazi hiyo: bomba likibanwa kwenye kichwa kidogo cha chuma, grisi huingia kwa nguvu.

Landrova ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, mpango wa kuitunza ulikuwa wazi: nipeli kwenye propela, na kitabu cha sevisi kilichohesabu maili. Oili ilitajwa kwa namba za SAE, mfumo ulioanza Marekani mwaka 1911. Gari likaenea kwetu mikononi mwa polisi, idara za serikali na wamisionari, na mafundi wakajifunza utaratibu wake.

Fundi aliyenifunza hakuruhusu bomba liguse nipeli kabla haijafutwa kwa kitambaa, maana vumbi lililo juu yake lingesukumwa hadi kwenye msalaba wa propela. Tulipiga hadi grisi ya zamani itokeze pembeni. Ikitoka na unga mwekundu, tulijua msalaba umeanza kuliwa na kutu, ukavuliwa siku hiyohiyo. Oili tuliimwaga injini ikiwa bado na moto, ili itoke na uchafu wake. Injini iliyotembea sana hula oili kwa sababu ya ringi kuchakaa. Basi kijiti cha oili kiliangaliwa kila asubuhi, gari likiwa kwenye tambarare.

Baadaye viwanda vilileta viungo vilivyofungwa na grisi yake ndani moja kwa moja. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini shimo likapoteza wateja. Na kupiga grisi kulikuwa pia kukagua: aliyeingia chini aliona sili inayovuja, springi iliyopasuka, nati iliyolegea. Leo mwenye gari kuukuu humwaga oili, hubadilisha filta, akaondoka bila mtu yeyote kuchungulia chini.

Kwa hiyo ukienda kununua gari lililotembea sana, usiishie kwenye rangi na mlio wa injini. Uliza lilipigwa grisi lini, kisha omba uzungumze na aliyekuwa chini yake.