Mvinyo Katika Lugha ya Wasiokunywa

Wazazi wangu walizaliwa Kudha, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Kwetu hakuna mashamba ya mizabibu, na sisi Waislamu tumekatazwa pombe. Hata hivyo, katika Kiswahili tuna neno mvinyo. Limetoka wapi?

Limeletwa na bahari. Wareno, ambao kwa lugha yao husema vinho, walifika pwani hii mwaka 1498. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka. Wareno walikwenda zao, wakatuachia meza, leso, gereza na mvinyo. Zabibu ni neno la Kiarabu, na divai limetokana na Kifaransa.

Mvinyo wenyewe ulianza kutengenezwa karibu nasi baadaye sana. Huko Dodoma, Tanzania, wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu katika karne ya 20 ili wapate divai ya misa. Leo familia nyingi za huko hulima zabibu za divai nyekundu na nyeupe.

Basi, neno mvinyo halithibitishi kwamba babu zetu walikunywa, ila kwamba walikutana na wanywaji. Jambo hili linatugusa. Tangu vita vya 1991, Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza wamepimwa kwa lugha yao ili ijulikane walikotoka. Anayetupima na akumbuke kuwa neno la kuazima halimfanyi mwenyeji kuwa mgeni.