Viungo vya hoja thabiti: Funzo la madai ya ardhi Kericho

Hoja ya kushawishi huwa na dai, ushahidi, sababu inayounganisha viwili hivyo, jibu kwa wapinzani na ombi. Wengi hudhani kuwa ushahidi ukiwa tele, kazi imekwisha. Madai ya jamii za Kipsigis na Talai kuhusu mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet yaonyesha vingine.

Dai ni wazi: serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwafurusha wenyeji, na ardhi yao ikawa mashamba ya walowezi na kampuni za chai. Ushahidi nao ni mzito. Mwaka wa 1934 serikali hiyo ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Walaibon, na familia za Talai zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali palipojaa mbu na mbung'o. Masimulizi ya wazee hueleza machungu ya uhamisho huo, lakini sheria iliyochapishwa na mtawala mwenyewe ni shahidi ambaye mtawala hawezi kumkana.

Ugumu uko katika kuunganisha. Sheria ya 1934 yathibitisha kuwa watu walihamishwa. Haisemi ni nani apaswaye kulipa leo: London, Nairobi au kampuni zilizokodi ardhi. Ndipo hutolewa mfano wa Mau Mau. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 19.9 na wadai 5,228. Mfano huo wasaidia nusu tu, kwani ulihusu mateso ya mwili, si ardhi, na hata wakati huo Uingereza ilikataa kubeba dhima ya kisheria.

Pingamizi kuu ni kwamba muda umepita. Jibu lipo katika Katiba ya Kenya ya 2010, iliyoipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi uwezo wa kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mwaka wa 2019 tume hiyo iliona kuwa madai hayo yana msingi.

Ombi ndilo hupuuzwa zaidi. Kuombwa radhi, kulipwa fidia na kurejeshewa ardhi ni mambo matatu, na si yote huelekezwa kwa mtu mmoja. Kesi iliyowasilishwa Agosti 2022 katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliishtaki Uingereza. Muda wa ukodishaji wa mashamba, ambao Katiba yauwekea wageni kikomo cha miaka 99, ni jambo la kuulizwa Nairobi.