Kutoka Kompyuta Kuu hadi Disketi: Miaka 50 Tangu Marufuku ya 1974

Mwaka 2024 ulitimiza miaka 50 tangu Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa Julai 1, 1984 mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kilitimiza miaka 40. Kumbukumbu hizo zinastahili kutazamwa pamoja, kwa kuwa chuo hicho kilizaliwa miaka kumi baada ya marufuku, wakati wanavyuo wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuanza kuhamisha kazi zao kutoka kompyuta kuu za taasisi hadi kompyuta ndogo za mezani na za nyumbani.

Klodwig Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika taarifa iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 1994, anaeleza kwamba kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hiyo ilikuwa kompyuta kuu, yaani mashine moja inayohudumia taasisi nzima, yenye chumba chake na mafundi wake, na iliyogharimu fedha za kigeni ambazo taifa changa lilizihitaji kwa mambo mengi. Serikali ilipojaribu kuziendesha hesabu zake kwa mashine za namna hiyo, kazi ilienda mrama, na kwa kuwa utaalamu ulitegemewa kutoka nje, hapakuwa na wazawa wa kutosha wa kuinusuru. Ndipo mwaka 1974 mlango ukafungwa. Uamuzi huo hubezwa mara nyingi, lakini si haki kuulaumu bila kutaja chanzo chake, kwani kosa la awali lilikuwa kununua mitambo kabla ya kuandaa watu. Hata hivyo, gharama yake ilikuwa kubwa, maana kizazi kizima cha wasomi kilikosa mazoea ya kompyuta wakati zilipokuwa zikishuka bei na kupungua ukubwa.

Katika kipindi hicho, mwaka 1981, Frank da Cruz na Bill Catchings wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walibuni Kermit, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya mashine mbili, ili wanafunzi waliobanwa na uhaba wa nafasi katika kompyuta kuu waweze kuhifadhi faili zao kwenye disketi. Ugumu ulikuwa mkubwa, kwa sababu kompyuta kuu za IBM ziliandika herufi kwa msimbo wa EBCDIC ilhali kompyuta ndogo zilitumia ASCII, na njia za simu ziliharibu alama. Kermit iliigawa faili katika vifurushi vifupi, kila kimoja kikiwa na namba ya mfuatano na jumla ya kuhakiki, hivyo kilichoharibika kilitumwa tena peke yake bila kuanza upya. Kwa kuwa ilisambazwa bure au kwa gharama ya utepe wa sumaku tu, ilienea hadi kwenye mashine za kila aina.

Nchini, marufuku ililegezwa hatua kwa hatua, na miaka ya 1990 ilileta barua pepe zilizopitishwa kwa modemu. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam.

Kilichobaki ni wajibu wa kuokoa yaliyohifadhiwa kwa vifaa vya enzi hiyo. Maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam hutoka Uluguru, na takwimu za zamani za mvua, udongo na misitu ya milima hiyo haziwezi kupimwa upya, kwa kuwa miaka iliyopimwa imekwisha kupita. Kwa hiyo kila mtafiti, maktaba na ofisi yenye takwimu kama hizo kwenye disketi au utepe wa sumaku, ambao joto na unyevu huuharibu, inapaswa kuzinakili faili hizo sasa, wakati vifaa vya kuzisoma na watu wanaovifahamu wangali wapo.