Jibu Lililochelewa: Mswada, Wakala na Tarehe katika Historia ya Riwaya ya Kiswahili

Katika maandishi mengi ya historia ya fasihi ya Kiswahili, riwaya hupangwa kwa kufuata mwaka uliopigwa chapa katika kurasa za mwanzo za kitabu. Desturi hii inamfaa mkutubi. Kwa mhakiki ina hatari yake, kwani mwaka huo ni tarehe ya uamuzi wa mchapishaji, wala si tarehe ya kazi ya msanii. Kati ya siku mwandishi alipoutia mswada wake posta na siku kitabu kilipofika dukani kuna muda ambao wahakiki wameupita kimya kimya, nao ni muda wa kusubiri jibu. Makala haya yanadai kwamba muda huo ni sehemu ya historia yenyewe ya riwaya ya Kiswahili, na kwamba asiyeuzingatia huishia kuisoma kazi ya Shaaban Robert katika zama zisizokuwa zake.

Mfano ulio wazi zaidi ni *Utubora Mkulima*, iliyotolewa na Nelson mwaka 1968. Msomaji anayeutazama mwaka huo anakumbuka mara moja kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa Februari 1967, na kwamba maandishi ya Nyerere kuhusu ujamaa vijijini yalifuata mwaka uo huo. Mhusika mkuu anaacha kazi ya ofisini, anawapa kisogo matajiri wa mjini, anarudi kijijini Busutamu kulima. Kishawishi cha kuifanya riwaya hii mwangwi wa siasa ya wakati wake ni kikubwa mno. Lakini Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, wakati Tanganyika ilikuwa bado haijawa hata jamhuri. Utubora ni mtu aliyerudi kutoka vitani, aliyempoteza mchumba kwa sababu ya vita hivyo, na anayetafuta utulivu wa nafsi katika shamba lake mwenyewe. Kilimo chake ni cha mtu mmoja mwenye maadili, hakina uhusiano wowote na shamba la pamoja. Anayemsoma Utubora kama mjamaa ameusoma ukurasa wa hakimiliki badala ya riwaya.

Ucheleweshaji wa aina hii hauelezeki bila ya kutazama njia iliyopitiwa na miswada. Huko London, tangu A. P. Watt aanze shughuli zake katika miaka ya 1870, mwandishi alikuwa na mtu wa kati: wakala wa fasihi, ambaye hupokea mswada, huutafutia mchapishaji, hujadili masharti, na hulipwa kwa sehemu ya mapato ya mwandishi. Wakala naye husubirisha. Hata hivyo, maslahi yake yamefungamana na ya mwandishi, kwani kitabu kisipouzwa naye hapati kitu. Mwandishi wa Kiswahili wa kipindi cha ukoloni hakuwa na mtu wa namna hiyo. Aliyekuwa naye ni ofisi ya serikali.

Kuanzia mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na mamlaka ya kupitia vitabu vya Kiswahili na kuthibitisha kwamba vinafuata lugha sanifu. Mwaka 1948 likaanza kazi Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi chini ya uongozi wa Charles Richards. Shirika hili lilipokea miswada, likaisomesha kwa wasomaji wake, kisha ama likaichapisha lenyewe kwa nembo ya Eagle Press, ama likaipendekeza kwa makampuni ya Uingereza yaliyokuwa na soko katika shule zetu. Kwa maneno mengine, lilifanya kazi ya wakala, ila wakala asiyekuwa wa mwandishi. Mswada ulipimwa kwa tahajia, kwa ufaao wake darasani, na kwa idadi ya nakala ambazo shule zingeweza kununua, na kila kipimo kilikuwa na meza yake na foleni yake. Inafaa kukumbukwa hapa kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Bila shaka alijua vizuri zaidi kuliko wahakiki wake jinsi faili linavyoweza kulala.

Hali hiyo ilimfanya atafute milango mingi. *Kusadikika* ilitolewa na Nelson mwaka 1951, *Adili na Nduguze* na Macmillan mwaka 1952. Baadhi ya mashairi na insha zake zilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wapo wanaoichukulia orodha hii kuwa alama ya umaarufu. Inaweza pia kusomwa kama ramani ya mwandishi anayebisha hodi kwa wengi kwa kuwa hakuna mlango mmoja unaofunguka kwa wakati.

*Kufikirika* ndiyo iliyosubiri kuliko zote. Iliandikwa katikati ya miaka ya 1940, ikatolewa na Oxford University Press mwaka 1967, yaani baada ya miaka ipatayo ishirini na baada ya mauti ya mtunzi. Jibu la haraka ni kwamba wakoloni waliizuia. Hoja ya udhibiti haiwezi kupuuzwa, lakini haitoshi. *Kusadikika*, ambayo inashtaki hadharani baraza la watawala linalowafunga wajumbe wake, ilipita mwaka 1951. Iweje ile iliyo kali zaidi ipite, nayo hii inayoshughulikia mfalme asiyekuwa na mrithi, elimu na kafara ikae? Yaelekea jawabu limo katika utaratibu wenyewe wa ofisi na wa soko la shule kuliko katika hofu ya mtawala mmoja. Athari yake katika uhakiki ni dhahiri: kwa kuwa ilitoka miaka kumi na sita baada ya *Kusadikika*, imezoeleka kusomwa kama kivuli chake, ilhali ilikwisha andikwa kabla *Kusadikika* haijafika mikononi mwa wasomaji.

Waandishi wa Kiafrika walioandika kwa Kiingereza hawakuepuka adha hii, bali kwao ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London nakala pekee ya mswada wa *Things Fall Apart*, iliyoandikwa kwa mkono, ili ipigwe taipu na wakala wa kazi hiyo. Miezi ikapita bila neno. Mswada uliokolewa na Angela Beattie, mkuu wake katika idara ya utangazaji, aliyekwenda likizo Uingereza akafika mwenyewe ofisini kuudai. Heinemann walikitoa kitabu mwaka 1958 kwa nakala 2,000. Ngugi wa Thiong'o naye aliandika kwanza riwaya iliyokuja kuitwa *The River Between*, akaiingiza katika shindano la Shirika la Vitabu mwaka 1961. Ilichapishwa mwaka 1965, ikitanguliwa na *Weep Not, Child* ya mwaka 1964, ambayo mswada wake alikuwa amempa Achebe ausome pale Makerere mwaka 1962. Tofauti iliyopo ni kwamba wote wawili walikuwa na mtu wa kuufuata mswada kwa miguu yake.

Shindano lilikuwa njia ya mkato kwa Kiswahili pia, maana lina tarehe ya mwisho na halina budi kutoa jibu. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la Shirika la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Miaka miwili! Huenda mtindo wa riwaya ya upelelezi ulipata nafasi ya kukua kwa sababu hii kama ilivyokuwa kwa sababu ya ladha ya wasomaji.

Linalobaki ni kuzitenganisha kazi ambazo mchapishaji alizikutanisha. *Siku ya Watenzi Wote* ilitoka mwaka 1968 pamoja na *Utubora Mkulima*, kwa mchapishaji yule yule. Ya kwanza ni ya Dar es Salaam inayokaribia uhuru, na huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwisho za mtunzi. Ya pili bado inanuka baruti ya vita vya dunia. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kufuatilia safari ya fikra za Shaaban Robert hana budi kuanzia katika ushahidi uliomo ndani ya matini zenyewe, na katika barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge za miaka ya 1931 hadi 1958, zilizochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, kabla ya kuutazama mwaka wa chapa.